Mama Hamei

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika karibu na muda wa kuingia darasani, na Miyuji yote, huku kwetu Dodoma, inanukia udongo mbichi. Nimefika shuleni na tope la njia nzima kwenye viatu, moyo mzito. Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu kwenye bajaji, mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo.

Acha nianze na moyo mzito.

Wanaosoma blogu hii mara kwa mara wanajua kwamba kazi yangu ni kuguna. Nafundisha darasa la kwanza, na siku hizi hatuanzi na majina ya herufi, tunaanza na sauti zake. Sisemi "me", nasema mmm, kama mtu aliyeweka zabibu mdomoni akaikuta tamu kuliko alivyotegemea. Halafu aaa. Halafu tunazivuta pamoja mpaka zishikane: mmmaaa, ma. Mume wangu anadai hata usingizini navuma kama friji bovu. Mwacheni aseme, anayekoroma hajisikii.

Mwaka huu nina mwanafunzi anaitwa Nyemo. Kwa Kigogo jina hilo ni furaha. Kabla ya kuja mjini kwa mama yake, Nyemo aliishi na babu yake kijijini, upande wa Mvumi. Babu huyo alijifunza kusoma ukubwani, enzi za madarasa ya watu wazima, kwa mtindo ule wa zamani wa a, be, che, de. Akamfundisha mjukuu vilevile, akichora herufi kubwa kubwa chini kwa kijiti. Kwa hiyo Nyemo alianza shule akizijua herufi zote kwa majina, na akijivunia kweli kweli.

Basi siku moja nikaandika "mama" ubaoni, nikamwita asome. Akasimama wima, akataja kama alivyofundishwa, me, a, me, a, kisha akaziunganisha kwa nguvu zote: "Meamea!"

Darasa likaangua kicheko. Msimu wenyewe ndio huu ambao kila kitu kinamea, uwele, mtama, hata majani kwenye nyufa za kibaraza cha ofisi. Kufika mapumziko wimbo ulikuwa umeshatungwa na unaimbwa uwanja mzima: mama anamea, mama anamea.

Tangu hapo Nyemo akafunga mdomo.

Nilimwita pembeni, nikamwomba tuseme mmm pamoja, sisi wawili tu. Akaniambia kwa adabu zote, "Babu hajakosea, mwalimu."

Nikisema babu kakosea, nimemvunjia heshima mzee asiyenijua hata sura, na mtoto atachagua upande, na hautakuwa wangu. Nikisema hajakosea, meamea inabaki palepale. Nikamwambia aende kucheza. Hakwenda kucheza, alikwenda kukaa chini ya dirisha.

Jumanne akaja mama yake. Anauza mboga, ni mtu mpole, na huwa ananisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mwalimu", ili anisikie mimi Mrangi wa Kondoa nikiitikia kwa lafudhi yangu, acheke. Siku hiyo hakucheka. Alisema mtoto anarudi nyumbani analia kila siku, akili yake bado, bora amrudishe kwa babu akomae, aanze upya mwakani. Jumamosi kuna gari la kwenda kijijini.

Yaani kesho.

Nikamwomba aje Ijumaa mchana tuongee tena kabla hajaamua. Nilitamka hivyo nikiwa sina chochote cha kumwonyesha. Niliogopa. Mwakani Nyemo angerudi akiwa mkubwa kuliko wenzake, na bado na meamea yake ileile, na safari hiyo wangemcheka zaidi. Mtoto mwenye akili namna ile nampoteza hivihivi, kwa sababu ya herufi moja.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye mmm tena. Mvua ikinyesha kwenye mabati hufundishi sauti yoyote, kwa hiyo ilipokatika tu nikafungua madirisha na kuanza haraka. Mbuzi wa jirani nao walikuwa wameshatoka, wanafuata majani mabichi kando ya uzio. Nikainua kidole, watoto wakanyamaza wote kunisikiliza, na hapo hapo mbuzi mmoja akapaza sauti:

"Meee!"

Watoto hoi kwa kicheko. Nyemo hakucheka. Alinyoosha mkono dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku sauti yake ikasikika darasani: "Hata mbuzi anajua!"

Nilikuwa karibu kukaripia. Mdomo ulishafunguka. Badala yake nikajikuta nauliza:

"Nyemo, huyo anaitwa nani?"

"Mbuzi."

"Na anasemaje?"

"Mee."

"Kwani hasemi 'mbuzi'?"

Akaniangalia kwa huruma, kama anayejiuliza mwalimu kapatwa na nini. "Mbuzi hajitaji jina, mwalimu. Analia tu."

Nikaenda ubaoni, nikaweka kidole kwenye m. "Na huyu anaitwa me. Babu amekufundisha jina lake, na hajakosea hata kidogo. Sasa niambie, huyu analiaje?"

Nyemo akabana midomo. Nilimwona anafikiri, paji la uso limekunjamana, halafu ikatoka, nyembamba kama ya mbu: mmm.

Nikasogeza kidole kwenye a, nikarudi kwenye m, nikaenda tena kwenye a. Yeye akafuata kidole, akavuta, akaunganisha, akarudia, kisha akawageukia wenzake kwa hasira ya siku zote zile.

"Ni mama! Mama hamei!"

Nilifurahi mpaka nikasahau kufuta ubao. Kipindi cha hesabu kimefundishwa pembeni ya neno "mama" na hakuna aliyelalamika.

Mchana mama yake alikuja, kanga moja kiunoni na nyingine begani. Nilishaandaa hotuba nzima kuhusu majina na sauti. Haikuhitajika. Nyemo alikuwa ameshaiona ile kanga ya begani, ameushika upindo, anapitisha kidole kwenye maandishi. Kanga huandikwa kwa herufi kubwa na sisi darasani bado tuko kwenye ndogo, lakini hizo kubwa babu alishamaliza nazo zamani. Alianzia neno la mwisho.

"Mmmaaa. Mmmaaa. Mama."

Mama mtu akaivuta kanga akaitazama. "Imeandikwa mama? Mimi niliipendea rangi." Kisha taratibu, "Na hapa mwanzo?"

Nyemo akahamisha kidole. "Aaa..." Akakwama. Hakuona aibu, alinigeukia kana kwamba mimi ni fundi aliyechelewesha kazi. "Hapo mwalimu hajafika."

Mama yake akaitengeneza kanga begani vizuri, akasema, "Basi, mwalimu. Hilo gari la kesho litaenda bila yeye. Abaki mpaka mfike hapo."

Nimekaa hapa na chai yangu, nje mawingu yanajikusanya tena, na nimeridhika kuliko nilivyowahi kuridhika tangu mwaka uanze. Ile kanga imeandikwa ASANTE MAMA. Mama Nyemo hakuniuliza, nami nikauma ulimi nisimwambie. Hilo atasomewa na mwanawe.

Nilipanga wiki ijayo tuanze b. B itasubiri. Jumatatu ni sss.