Wasifu wa Mwalimu Aliyenipiga

Mwalimu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, kwa hivyo naruka sehemu hiyo. Mimi ni mzima. Kibanda changu cha viatu bado kiko pale Kiirua, kando ya barabara ya Nanyuki, na upepo wa mlimani bado unainua mabati upande ule uliosema nipigilie misumari. Sijapigilia. Ni miezi minne tangu tukuzike. Mke wako amemuuza ng'ombe mweusi kwa sababu magoti hayamruhusu tena kukata nyasi. Viazi vyako, zile waru ulizopanda wiki yako ya mwisho majirani walizivuna, zilikuwa nzuri. Binti yako Kagendo amerudi kazini Embu.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lilitokea mazikoni na hukulisikia. Ulikuwepo, lakini unanielewa.

Nitaanza mbali, maana ulinionya kwamba msomaji hajui ninachokijua mimi.

Nilikuwa darasa la sita. Wewe hukujua, wala mwalimu mwingine hakujua, kwamba sikuweza kusoma. Nilichokuwa nacho ni masikio. Mwenzangu akisoma kifungu kwa sauti mara mbili, chote kilikaa kichwani, na zamu yangu ikifika nilishika kitabu, nikapitisha kidole kwenye mistari, nikakitoa neno kwa neno. Siku ile ulinishuku. Ulikichukua kitabu mkononi mwangu, ukakigeuza juu chini, ukanirudishia. "Endelea," ukasema. Nikaendelea vizuri kabisa. Darasa likaangua kicheko, nawe ukadhani nakufanyia mzaha. Kofi lilitua kwenye sikio la kushoto. Nilisikia mlio kama wa filimbi, halafu upande ule ukanyamaza. Haujasema kitu mpaka leo.

Sikurudi shuleni. Baba aliona aibu kugombana na mwalimu, kwa hivyo nyumbani tulisema ni ugonjwa wa sikio. Tulisema hivyo mpaka watu wakaamini, na mimi pia nikawa naanza kuamini. Mjomba akanifundisha kushona viatu.

Nilikuwa na mke na watoto wawili ulipokuja kibandani. Ulikuwa umestaafu, umevaa koti la kijivu. Ulivua kiatu ukanipa. Nilikigeuza huku na huku, sikuona kasoro.

"Hiki hakina shida, Mwalimu."

"Najua. Mwenye shida ni mimi."

Ukaniambia kwamba ulikuja kujua kwamba sikuweza kusoma nilipokuwa nimeshaondoka shule, na kwamba miaka yote hiyo uliogopa kuja. Kisha ukasema, "Kirimi, nikuombe msamaha, ama nikufundishe kusoma? Sijui ni gani ianze." Nilikujibu unifundishe, kwa sababu msamaha sikuwa nao karibu. Ulihamisha benchi la wateja ukaliweka upande wangu wa kulia. Hukuuliza ni sikio gani. Hilo nililiona.

Ilikuwa kila Jumamosi, miaka minane. Tulianza na maandishi ya mkebe wa gundi na yale yaliyo chini ya soli za gambuti, vile viatu vya mpira, kwa sababu hayo nilikuwa nayashika kila siku bila kuyajua. Tukaja kwenye magazeti ya kufungia, halafu vitabu vya nyumbani kwako, vile vya watu waliokaa wakafikiri. Nilipenda kukutolea maneno yao ili uone nimesoma. Uliyakataa. "Usiniambie nani alisema," ulikuwa ukisema. "Niambie kama ni kweli." Ukanipa daftari, niandike ukurasa mmoja kila wiki, juu ya chochote, na kila nilipoandika jambo nisilolijua ulikuwa ukiandika pembeni kwa penseli neno moja tu: Umejuaje?

Neno hilo lilinitesa. Niliandika kwamba watu wa Timau ni wachoyo. Umejuaje? Niliandika kwamba maskini ana amani kuliko tajiri. Umejuaje? Nililibeba mpaka nyumbani, nikawa namuuliza mke wangu Kathure kila akisema jambo, mpaka siku moja akaweka mwiko chini akaniambia, "Hapa si darasani, na wewe si mwalimu. Kula." Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema elimu ya kwanza ya mtu ni kujiuliza yeye mwenyewe kabla hajamuuliza mkewe.

Sijui kama nimekuwa mtu bora. Najua vitu viwili vitatu. Nilikuwa nikikaa kwenye mkutano wa wazazi nanyamaza, nikidhani waliosoma wana kitu ndani ambacho Mungu hakunipa. Sasa nauliza maswali. Nilikuwa mtu wa hasira za ghafla, na nimegundua kwamba hasira ikiandikwa hupungua, si kwa sababu imeisha, bali kwa sababu kuandika ni kazi ya polepole na hasira haipendi kungoja.

Mara moja tu niliandika juu yetu. Ulikuwa umenipa swali: mtu akibadilika, kosa lake la zamani ni la nani? Niliandika nusu ukurasa, nikamalizia hivi: "Sijui kama nimesamehe. Najua tu kwamba Jumamosi huwa namngoja." Ulisoma, ukasoma tena. Penseli ilikuwa mkononi. Hukuandika kitu pembeni. Ulinirudishia daftari ukaniuliza kama chai ipo.

Basi ukafa. Ulianguka shambani asubuhi ukiwa unapalilia, wakakufikisha hospitali Meru, na mchana tukasikia. Siku ya tatu Kagendo alikuja kibandani na karatasi. Alisema, "Baba alikuwa anasema wewe ndiye unaandika kutushinda sisi wote tulioenda chuo. Tuandikie wasifu, na uusome wewe." Karatasini alikuwa ameweka mambo ambayo familia ilitaka yatajwe: shule ulizofundisha, kanisa, ndugu zako. Na moja alilipigia mstari chini: kwamba katika miaka yako yote ya kazi hukuwahi kumwinulia mtoto mkono.

Hakujua, Mwalimu. Kwake mimi nilikuwa yule fundi aliyeugua sikio utotoni.

Niliandika kurasa mbili nzuri. Uliitwa nguzo, taa, baba wa wengi. Nilipomaliza nikachukua penseli nikafanya kama wewe. Taa, umejuaje? Baba wa wengi, wengi akina nani? Nilifuta mpaka zikabaki sentensi tisa, na ile ya Kagendo haikuwa mojawapo. Nikaona siwezi kuiacha kimya kimya na kumficha mwenye msiba. Nikafunga kibanda nikaenda kwenu.

Walikuwa jikoni, mama yake anamenya minji, zile njegere za shambani, Kagendo anapanga vikombe vya wageni. Nilimweleza mambo yote kama nilivyokuandikia hapa. Aliweka vikombe chini. "Kwa hivyo ulikuwa unangoja afe ndiyo umlipize?" aliniuliza. "Miaka minane unakunywa chai yetu."

Nilijiuliza swali lile lile pale pale nikiwa nimesimama, na sikuwa na uhakika. Pengine kuna sehemu yangu ilitaka watu wajue.

Mke wako hakuinua macho kwenye minji. Alisema, "Kagendo, baba yako aliacha kushika fimbo mwaka ule ule. Walimu wenzake walikuwa wanamcheka. Mimi nilifikiri ni serikali imekataza, na kumbe haikuwa imekataza bado." Akamenya ganda lingine. "Hakuniambia kwa nini. Nilijua ni mtoto fulani, sikujua ni yupi." Kisha akanigeukia. "Andika vile ilikuwa. Lakini uandike yote, usiandike nusu."

Nilirudi nikaangalia zile sentensi tisa nikaona kweli zilikuwa nusu. Kofi lilikuwemo, na kuomba kwako kulikuwemo. Benchi halikuwemo. Niliongeza benchi, mkebe wa gundi, na penseli. Niliongeza kwamba mtu aliyeniziba sikio ndiye aliyenifungua macho, halafu nikaifuta, kwa sababu ilikuwa nzuri mno na nilijua ungeiwekea alama.

Siku ya mazishi hema zilijaa. Jua lilitoka halafu ukaingia ukungu, kama kawaida ya kwetu. Nilisoma dakika chache tu. Nilipofika kwenye kofi, mzee mmoja wa kanisa alikohoa kwa nguvu, na mshereheshaji akasogea karibu na kipaza sauti kana kwamba ataninyang'anya. Kagendo alikuwa amekaa mbele na kitambaa kichwani. Alimtazama mshereheshaji akatikisa kichwa mara moja, naye akarudi nyuma. Nikasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, na sikutaka yapigwe. Kwaya ikaimba.

Nilidhani limekwisha. Nilikuwa na ile raha ya mtu aliyeandika vizuri, naikiri.

Baada ya udongo, watu wakiwa wanapanga foleni ya chakula, mwanamume mmoja alinishika kiwiko. Mrefu, mikono ina mafuta ya magari yasiyotoka hata kwa sabuni. Alisema anaitwa Mutuma, ni fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano Timau. Alisema, "Umesoma vizuri. Hata mimi alinipiga, miaka mitatu kabla yako. Huu mkono haunyooki." Akanionyesha kiwiko cha kulia. "Nimeishi Timau maisha yangu yote. Kutoka kwake mpaka kwangu si mbali. Kwangu hakukuja."

Nilimtazama usoni. Kitu pekee kilichonijia kinywani ni kumwambia kwamba ulikuwa mtu mwema, na hilo hakuwa ameliuliza, nikaliacha. Alichukua sahani yake akaenda kula na watu wa Timau.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa na hasira na wewe kuliko nilivyokuwa darasa la sita. Nilitaka kujua kwa nini mimi na si yeye. Labda ulimsahau. Labda ulikuja kwangu kwanza, ukachoka, ukaridhika na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikungoja. Labda ulifika mpaka Timau siku fulani ukarudi bila kushuka garini. Naandika labda kwa sababu ulinifundisha tofauti ya labda na najua. Hapa sijui. Mke wako naye hajui, nilimuuliza.

Halafu mwezi uliopita Mutuma alikuja Kiirua. Hakujifanya ana kiatu cha kushona. Alikaa kwenye benchi akasema amekuwa akifikiria. Yeye kusoma anajua, alimaliza kidato cha nne, huko hana haja na mimi. Alisema hivi: "Wewe ulipata mahali pa kusema. Mimi hata mke wangu nilimwambia nilianguka kwenye baiskeli."

Nikampa daftari jipya na kalamu. Akasema mkono unamuuma akiandika muda mrefu. Basi yeye akasema, mimi nikaandika. Ilituchukua Jumamosi tatu. Mara ya kwanza alitoa matusi tupu, nikayaandika yote. Mara ya pili aliomba mwenyewe tuyapunguze. Mara ya tatu alinisimulia kwamba siku uliyompiga alikuwa amechelewa kwa sababu mama yake alikuwa anajifungua, na kwamba alipofika mlangoni alikuwa na furaha, alitaka kukuambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba amepata dada. Hapo nililaza kalamu. Aliniambia niichukue tena.

Ninalolifahamu kwa hakika ni hili, na nimelipima kabla ya kuliandika: ulinipa kazi ya kujitengeneza mimi, nikaifanya kwa bidii, na nikafurahi nayo kama mtu anayefurahia viatu vyake vilivyong'aa. Nilikuwa sijafikiri kwamba maneno uliyonipa yana deni kwa mtu mwingine. Ulinifundisha kuandika ukurasa wangu. Kuandika wa mwingine, bila kuweka neno langu ndani yake, hilo nimelianza bila wewe, na ni gumu kuliko yote uliyonipa.

Nimekusamehe? Nimeliacha swali hilo wazi tena. Ninakukumbuka sana siku za Jumamosi. Kathure anasema nikae nyumbani siku hizo, nisikae naangalia barabara. Sijamsikiliza.

Nimezungumza na mke wako na Kagendo, wamekubali. Nimekuahidi mambo machache maishani, na hili ni moja: Jumamosi ijayo nitamleta Mutuma hapo kaburini pako. Atakuja na kurasa zake sita. Atazisoma yeye mwenyewe, kwa sauti yake, na mimi nitakaa kwenye ua na mke wako, sitatia neno.

Pumzika, Mwalimu. Mpaka hiyo siku. Kuna mahali atasimama, sauti imkwame. Mngoje. Msikilize mpaka amalize.

Kirimi