Baba Yake Saynab Hajafa

Garissa,
14 Novemba 1966

Mpendwa ndugu yangu Jelle,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, pamoja na mkeo Anab na watoto. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha kidogo na mbuzi wanapata majani. Nimekusalimu kwa sababu mama alitufunza adabu. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia kweli kweli.

Mwanangu Saynab alipoomba nafasi ya kusomea ualimu, chuo kilitaka insha ya maisha yake. Nilikaa naye mkekani alasiri tatu. Nikamwambia aanze kwa kuhesabu baba zake wa ukoo, kizazi kwa kizazi, kama tulivyofundishwa sisi kabla hata ya kujua kuchunga. Akaandika kumi na watano, mimi wa kwanza, na karatasi ikajaa kabla hajafika kwake mwenyewe! Tulicheka, akachukua ya pili, akaeleza anavyowafundisha watoto wa jirani kusoma.

Nikakutumia wewe uipeleke kwa mkono, kwa kuwa posta ya huku husubiri msafara wa jeshi. Kupeleka tu, Jelle. Nani alikuomba uifungue?

Ukaitupa, ukaandika yako: eti baba yake aliuawa na shifta, hao waasi wa msituni, njia ya Balambala, naye ni yatima anayechunga mbuzi wa watu. Ulijisifu kwa barua kwamba wakubwa wa chuo wanapenda machozi. Barua hiyo ninayo.

Njia ya mwongo ni fupi. Chuo kilimkubali, kisha kikamwandikia D.C. wa wilaya yetu athibitishe kifo changu. Karani akaniita, akaniuliza kama mimi ndiye marehemu. Hakuwa akitania. Siku hizi Msomali akisemwa amekufa na kumbe yu hai, serikali huona alikuwa msituni na bunduki. Wamechukua kibali changu cha kusafiri, nami naripoti kituoni kila asubuhi. Habari zikavuja, shangazi Sharifo akaja na sukari ya matanga, akilia tangu barabarani, akanikuta nanyoa ndevu. Najua unacheka hapo. Mimi sikucheka.

Na jana dereva wa lori kaniletea ujumbe wako, kwamba nijifiche Bute kwa wajomba mpaka mtoto aingie chuoni. Huna haya! Nikitoroka sasa, machoni pa serikali nitakuwa shifta kweli, na wa kunipiga risasi hataniuliza habari za insha.

Saynab amekata shauri mwenyewe. Amewaandikia wakubwa wa chuo kwamba insha ile si yake na baba yake yu hai. Barua itaondoka na msafara wa Ijumaa. Nilimwonya kuwa atapoteza nafasi, na ualimu ndio ndoto yake tangu utotoni. Akanijibu, "Aabo, nikiingia kule yatima, likizo nitarudi kwa nani?"

Barua hii nampa dereva yule yule wa lori, anaondoka leo, ikufikie kabla ya ile ya Saynab. Basi nenda kwa mkuu wa chuo kwa miguu yako, ukiri ulichofanya kabla barua yake haijafika, pengine watamhurumia mtoto. Ukiogopa, usiniite ndugu tena.

Msalimie Anab na watoto, wao hawana kosa. Mke wangu Hawo amekataa kukusalimu, nami sikumlazimisha. Mungu akupe ujasiri wa kufika mlangoni pa mkuu huyo.

Kaka yako aliye hai,
Sugow