Shina Lisilo la Chai

Kaka mpendwa,

Sisi hatujambo, na lile shina ulilotutumia mwaka juzi bila jina limeota. Mama alitaka kulitia kwenye chai, akidhani ni tangawizi. Baba akalipapasa toka chini hadi juu: "Majani yanapanda kwa kuzunguka, kama ngazi ya mnara. Hili si la chai!" Baba ni fundi, kaka. Alilikata vipande, akavilaza kivulini kwenye udongo wenye unyevu, na nikizidisha maji ananifukuza.

Jana kipande kimoja kilitoa ua. Baba akaligusa, akatabasamu: "Ni la rangi gani, mwanangu?"

Nikamwambia jekundu.

Amenikataza kukueleza habari za macho yake. Basi sijakueleza. Nimekupa habari za ua tu.

Mimi, kitinda mimba wenu