Lango Lililokula Mtaro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia, na Baba ameacha kugombana na ile pampu ya kisima. Mimi sijambo, ila baridi ya huku mlimani inanikomesha. Mwezi huu wa sita jua la Voi nalikumbuka kama jamaa aliyehama. Nguo nikifua zinakaa kwenye kamba hadi ninazisahau, na zikikauka zinanuka moshi. Ningekupigia simu, lakini najua nikifika katikati utaanza kuniombea na sitamaliza. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimeitia ndani ya huu mfuko ninaokutumia wa mchele wa Mwea nilioununua nikirudi kutoka Kerugoya.

Uliniuliza kazi ya afisa wa mipango wa manispaa ni kazi gani hasa, maana wenzako kanisani wanakuuliza na wewe huna la kuwaambia. Waambie hivi: wananchi wanasema wanachotaka, binti yako anakiandika vizuri, kisha kinafanywa kitu kingine.

Kila mwaka kabla ya bajeti tunaita kikao cha maoni ya wananchi. Tunaweka hema na viti vya plastiki uwanjani. Mchungaji anaomba, na huku hakuna mchungaji mwenye haraka. Kisha mwakilishi wa wadi anasalimia wazee, akina mama, vijana na makanisa yote moja baada ya jingine, halafu anatusimulia alivyosoma kwa shida. Tunapofika kwenye bajeti yenyewe, saa ya kukamua ng'ombe imewadia na watu wanaangalia kreti za soda. Hata hivyo, akina mama wa soko la chini hawaondoki kabla hawajasimama kusema neno lao moja, mtaro. Mvua ikinyesha, maji ya mji mzima yanateremkia kwao, yanazoa kabichi na viazi, nao wanauza wakiwa kwenye matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mmoja wao ni Mama Nyambura, yule mwenye nyumba wangu anayenipikia nduma na kuniita msichana wa joto.

Basi mtaro ukaingia kwenye mpango. Mhandisi aliuchora wote, kutoka stendi ya magari huko juu hadi mtoni. Nilifurahi kweli. Halafu ofisi ya fedha ikaukata vipande viwili, mwaka huu awamu ya kwanza na mwaka ujao ya pili, kwa sababu awamu mbili ni sherehe mbili na utepe unakatwa mara mbili. Wakaanzia juu, barabarani, mahali ambapo hema linaweza kusimama na magari ya wakubwa yapate pa kuegesha. Mama, hawa ni watu waliozaliwa kwenye miteremko. Mtu wa hapa hafungulii maji shambani kwake kabla hajajua yatatokea wapi. Lakini mtu huyo huyo ukimpa ofisi na mhuri, anachimba mtaro kuanzia juu na kuuachia katikati ya kilima. Zamani maji yalikuwa yakiteremka yakitangatanga, mengine yanapotelea njiani. Sasa yanakusanywa vizuri, yanaongozwa, na kumwagwa yote kwenye kibanda cha Mama Nyambura.

Tulisubiri awamu ya pili. Badala yake likaota lango kwenye mlango wa mji, nguzo mbili kubwa na maandishi ya Karibu juu, pamoja na picha ya mlima wenye theluji nyingi kuliko uliyo nayo mlima wenyewe. Nilipouliza pesa zimetoka wapi, mhasibu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba zilikuwa za mtaro, zimesogezwa kidogo. Kusogezwa kidogo! Mimi ndiye ninayeandika maoni kwenye vile vikao, na sijawahi kumsikia mwananchi yeyote akiomba lango. Mji huu watu wanauingia vizuri tu bila kukaribishwa na nguzo.

Mvua za mwezi wa nne zilipomalizia gunia la mwisho la Mama Nyambura, akina mama waliacha kungoja. Wana desturi wanayoiita ngwatio: leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu, na hakuna anayelipwa. Wakafunga vibanda, wakaja na majembe, na waendesha bodaboda wakawasaidia kung'oa mawe. Nami nilivaa mabuti nikaingia. Viganja vyangu vimechubuka vibaya, ila sijapata kuwa na siku nzuri kama zile tangu nije huku. Walichimba mpaka mtoni, na mvua iliyofuata ilipita pembeni ya soko ikaenda zake. Mama Nyambura alisimama akiyatazama yale maji kama mtu anayemsindikiza mgeni msumbufu.

Sasa sikiliza kinachonikosesha usingizi. Mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa mwezi huu, na wakaguzi wa hesabu watakuja kuuliza pesa za mtaro zilifanya nini. Meneja wetu alishuka sokoni na mpiga picha, akapigwa picha ukingoni mwa mtaro akinyoosha kidole. Kisha akaniita niandike kwenye ripoti ya mwaka kwamba awamu ya pili imekamilika. Nikamwambia hiyo si kazi yetu, ni ya akina mama.

"Wakesho, ripoti haiulizi nani alishika jembe," akasema. "Inauliza mtaro uko ama hauko. Uko?"

Nikasema uko.

"Basi umemaliza. Na ile mkataba yako nitaiangalia wiki ijayo."

Alisema hivyo akitabasamu. Unajua mkataba wangu unaisha pamoja na mwaka wa fedha, na unajua karo ya mdogo wangu Mwakio inatoka wapi. Mama, naogopa, sitakuficha. Lakini ule mtaro ni udongo mtupu. Bila mawe na saruji, mvua za mwisho wa mwaka zitaubomoa, na nikishaandika kwamba umekamilika, hautaingia tena kwenye bajeti yoyote. Nani atatenga pesa za kitu kilichokwisha?

Nilimweleza Mama Nyambura haya yote jikoni kwake. Nilidhani atawaka. Aliendelea kumenya viazi.

"Andika tu venye anataka," akaniambia. "Wewe uko na kazi, sisi tuko na mtaro. Ikianguka, tutachimba ingine."

Mama, meneja hakunikasirisha kama nilivyokasirishwa na neno hilo. Tutachimba nyingine! Wanalipa ushuru wa soko kila asubuhi, wanakaa kutwa kwenye vikao vyetu, na bado wako tayari kuchimba tena ili sisi tupate picha. Na alisema kwa upole, kunihurumia mimi. Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Jana niliandika kwamba manispaa haikujenga awamu ya pili, kwamba mtaro uliopo umechimbwa na akina mama wa soko la chini kwa majembe yao, kwamba haujajengewa kwa mawe na saruji, na kwamba pesa zake zimesimama kwenye mlango wa mji. Nakala moja nimempa meneja na nyingine nimewatumia wakaguzi, ili isije ikapotea njiani. Meneja amenitumia ujumbe tu nifike ofisini kwake kesho asubuhi kabla ya wengine.

Msalimie Baba, na shangazi mwalimu wa kwaya. Msalimie na mke wa kaka, umwambie mtoto akizaliwa nataka picha siku hiyo hiyo. Mwakio usimwambie lolote mpaka amalize mitihani. Nikirudi nyumbani mapema, Mama, watu watakuuliza nilikosa nini huku. Usinitetee. Waambie sikuulizwa nani alichimba, nikasema.

Mwanao akupendaye,
Wakesho,
afisa wa mipango, mpaka kesho asubuhi.