Meza Moja na Mkwe

Jumatatu, 4 Septemba 2006

Shuka zimetoka vizuri leo hapa Ngara. Hata ile yenye shimo. Nilimwonyesha mteja shimo lenyewe, akasema upande huo analala mume wake, hatajua.

Mchana Nafula akapiga simu. Mtoto akikupigia saa za kazi, ujue kuna kifo. Moyo ukaruka. Kumbe hakuna aliyekufa. Ni Kariuki anataka kunipeleka kula Jumamosi. Mimi, yeye na Nafula. Hoteli mpya huko Spring Valley, ati watu wanangoja wiki nzima kupata kiti.

Kariuki ndiye anayetaka kumwoa binti yangu. Sijakutana naye. Nimeona picha tu. Meno mazuri. Masikio makubwa, ya mtu anayesikia.

Nimekubali. Kwa nini nimekubali? Wateja wawili walikuwa wanavutana shuka moja mbele yangu, nikasema ndiyo ili nikate simu niwaamue. Sasa wao wameelewana na mimi niko na shida.

Jumanne, 5 Septemba

Nimekunja shuka moja mara nne.

Wacha niandike wazi, labda nitatulia. Kwetu magharibi, mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hamshikani mikono. Hamkai karibu. Yeye anakula huku, wewe unakula kule, na mlango katikati. Si chuki. Ni heshima, tena nzito. Huyu ni mtu umempa mtoto wako, sasa utamfungulia aje mdomo umejaa mboga? Mama yangu aliishi na marehemu mume wangu kama mkwe miaka ishirini, hakumwona akitafuna hata siku moja. Mama alipokufa, mume wangu ndiye alilia kutushinda sote.

Mimi nimeokoka. Pasta anasema mila zingine tuachane nazo. Na si kwamba naamini. Lakini hata huko kutoamini kwenyewe sijakuamini sana.

Halafu kuna jambo la Mutua. Miaka mitatu iliyopita Mutua alikuja kwangu kwa ajili ya Nafula. Nilimpikia kuku mzima. Nafula akamwandalia sebuleni, mimi nikajifungia chumbani, nikala juu ya kitanda. Saa mbili nzima. Nilijua nimemheshimu mpaka basi. Yeye akaenda kumwambia Nafula, mama yako amenikataa, hata uso hakunionyesha. Hakurudi. Nafula alikonda akabaki macho. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Sasa ana miaka thelathini na moja. Nikimharibia huyu tena, sitajisamehe.

Nimempigia jioni nikamwambia amweleze Kariuki. Akasema, "Mama, tafadhali. Kariuki amezaliwa Uthiru, hapa hapa mjini. Nikianza habari ya mlango katikati atadhani nimetoka pangoni. Kula tu. Ni lanchi moja." Kula tu. Kama ni dawa.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeomba. Nimeombea mvua, wagonjwa, Nafula. Nilipofika kwa hoteli nikakwama. Nikaomba niugue kidogo. Kidogo tu, mpaka Jumapili. Halafu nikaogopa Mungu asije akakosea kipimo. Nikaomba tena afute.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimepata! Nitasema nimefunga. Mtu akiwa kwenye maombi ya kufunga nani atamuuliza? Nitakaa pale, nitabasamu, ninywe maji, nirudi nyumbani nile.

Nimemweleza Mama Shiro, anayeuza mito kando yangu. Akanicheka. "Kwetu mkwe anakukatia nyama, unakula, unambariki, mnaenda. Wewe unaogopa nini? Atakumeza?" Nikamwambia kwao ni kwao. Akasema, "Na huyo kijana ni wa kwetu, mama. Asipoona ukila atasema chakula chake kimekushinda."

Sikuwa nimefikiria hiyo.

Saa kumi Nafula akapiga. Kariuki ameongea na mpishi mwenyewe. Amemwomba anipikie vyakula vya kwetu, lakini kwa njia ya kisasa. Ameuliza watu. Ameandika orodha. Nikataja kufunga, polepole. "Mama, usithubutu."

Ijumaa, 8 Septemba

Mama Shiro amenisuka. Kichwa kinavuta mpaka nyusi zimepanda, naonekana nimeshangaa wakati wote. Vizuri. Kesho itanisaidia.

Gauni la samawati. Viatu vya kanisa.

Nimenunua ndizi na unga wa wimbi. Nina mpango wa mikono.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimerudi. Nimevua viatu. Naandika yote kabla hayajapoa.

Saa tano na nusu nilikuwa nimesimama Adams Arcade, karibu na kwangu, mzigo kila mkono. Ndizi kulia, unga kushoto. Mtu mwenye mizigo hashikwi mkono. Kariuki akashuka kwa gari, mrefu, akitabasamu, akasema wacha nikusaidie mama, akachukua yote miwili, akaweka kwa buti, akarudi na mkono umenyooka. Nikapiga chafya. Sikuwa na chafya, nilitengeneza. Nikashika pua kwa mikono miwili. Akasema pole sana. Nafula, ndani ya gari, akanitazama kwa jicho ninalolijua, maana nilimpa mimi.

Hoteli haina hata kibao. Ni nyumba ya zamani yenye bustani, watu wanaongea chinichini kama matangani. Meza yetu ndogo, ya duara, kama sinia. Viti vitatu. Ningeinamisha kichwa ningegonga cha Kariuki.

Wakaleta vinywaji kwanza. Changu bila pombe, Nafula aliuliza weita mara mbili na mimi nikauliza ya tatu. Glasi inatoa moshi kama jiko lililomwagiwa maji, na juu wamechomeka kijitawi kama cha fensi. Nikangoja ipoe. Wakanitazama. Kumbe ni baridi! Sasa, kunywa je? Mama aliniambia kuhusu kula, kunywa hakutaja. Nikaona moshi utanisitiri. Nikainama ndani yake nikanywa yote kabla haujaisha. Ndimu na tangawizi. Tamu, kusema ukweli.

Halafu chakula. Sahani kubwa kama ungo. Katikati, firigisi moja, imekatwa vipande vitatu vyembamba, na povu la kijani pembeni. Weita akaeleza povu ni mrenda. Mrenda! Mboga yetu ya kuteleza, wameipiga kama sabuni. Na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume, imewekwa mbele yangu na mwanamume ameketi hapo anangoja nionje. Amekunja mikono kama mtoto aliyeleta ripoti nyumbani.

Nikasema naenda msalani.

Nilikaa huko mpaka nikakadiria wamemaliza. Kurudi, wameleta vidonge vya ugali vilivyokaangwa, kila kimoja na kofia ya dagaa. Nikasema samahani, msalani. Kurudi, kuku. Msalani.

Huko msalani kuna maua, mataulo, na dada wa usafi. Mara ya tatu akaniuliza kwa lugha ya kwetu kama ni tumbo. Nilitaka kulia kusikia kwetu mahali kama hapo. Jina lake Beatrice. Nikamwambia si tumbo, ni yule kijana, anataka kumwoa binti yangu.

Akaegemeza mopu ukutani. "Ati wamekuweka meza moja na mkwe? Moja?"

"Moja."

"Woi! Mimi wangu nilimkuta supamaketi, nikajificha nyuma ya nepi mpaka akalipa akaenda."

Tukacheka mpaka nikashika sinki. Hapo ndipo Nafula akaingia, macho mekundu.

"Mama, Kariuki ameniuliza kama aondoke. Anasema humpendi. Hata chakula alichokuchagulia huwezi kuangalia."

Nikahisi Mutua ameingia naye pale chooni. Nikamwambia, "Nafula, nampenda. Ndiyo maana siwezi kumtazama akitafuna."

"Sasa hiyo nitamwambia mtu aje?"

Beatrice ndiye alimjibu. "Mwambie vile mama amesema. Kama ni mtu wa maana, atasikia. Kama si wa maana, heri ujue leo kabla hamjaletewa pudini."

Nafula akajipangusa, akatoka. Nikabaki. Beatrice alipiga mopu mahali pamoja tu, akisikiliza mlango pamoja nami. Nilijiona mjinga. Mama mzima, amekimbia kuku. Niliamua mlango ukifunguka nitaenda nikae, nifumbe macho, nile, na Mama anisamehe huko aliko.

Ukabishwa. Ni weita. "Mama, meza yako iko tayari."

Kariuki alikuwa ameomba lile pazia la mbao la kukunja linaloficha mlango wa jikoni. Wamelisimamisha katikati ya meza. Upande huu kiti changu na sahani zangu zote nilizozikimbia, zimerudishwa moto. Upande ule, yeye. Simwoni hata nywele. Nafula amekaa pale pazia linapoishia, anatuona wote wawili, kama refa.

Weita hakushangaa. Mtu anayekuletea moshi kwa glasi, atashangazwa na nini? Alikuwa akipakua upande wangu, anainama, anazunguka, anapakua upande wa pili, anainama. Meza ya wazungu karibu na dirisha wakamwita wakauliza kama na wao wanaweza kupata ya mbao. Akawaambia ni hiyo moja.

Nilikula. Jameni, nilikula. Povu la mrenda lina ladha yenyewe kabisa, ila linakwisha kabla hujalisalimia. Vidonge vya ugali nilikula vyangu na vya Nafula. Kuku siwezi kusema uongo, alikuwa kuku. Firigisi nilimpa Nafula ampelekee mwenyewe. Nikasikia huko nyuma akiuliza ni ya nini, Nafula akamnong'oneza, halafu "Asante mama", sauti imebadilika.

Ndipo akauliza. Hakuniuliza mimi, aliuliza vizuri, kama aliyefundishwa. "Nafula, mwulize mama kama mwezi wa kumi na mbili naweza kuja nyumbani na wazee wangu."

Mdomo ulikuwa umejaa kuku. Nikatafuna haraka, lakini yule kuku alikuwa wa kienyeji, hana haraka. Nafula ananitazama, anafanya ishara ya kooni, meza, meza! Yule kijana lazima alikuwa anakufa. Mwishowe kuku akashuka.

"Nafula, mwambie waje. Na waje na njaa."

Kijiko kikaanguka upande ule. Nikasikia mtu anapenga kamasi. Nafula alikuwa anacheka na kulia, na mimi nikaangalia sahani yangu maana ningeanza pia.

Waliponirudisha Adams, Kariuki aliweka mizigo yangu chini, akarudi nyuma hatua tano, akanipungia mikono yote miwili kama mtu anayesindikiza ndege. Ndipo nikakumbuka ndizi na unga vilikuwa zawadi yake. Nikaviacha hapo chini, nikarudi nyuma hatua tano. Akavichukua.

Jumatatu, 11 Septemba

Mama Shiro alicheka mpaka mito ikaanguka kwa matope. Yote miwili ilibidi nimsaidie kuifua.

Kisha akaniuliza jambo. Akasema, "Sasa wakioana, ukiwatembelea utakula wapi?"

Jikoni, nikamwambia. Au chumbani. Mlango katikati.

"Siku zote?"

Siku zote.

Hakucheka tena. Na mimi sikuuza vizuri mchana. Nimepata nilichotaka, kijana ameelewa, tena kuliko nilivyotarajia. Lakini nilikuwa sijafikiria meza ya Nafula. Sherehe zake, Krismasi zake. Mimi na sahani yangu chumba cha pili, nikisikiliza wakicheka.

Heshima ni kitu kizuri. Pia inakaa peke yake sana.

Alhamisi, 14 Septemba

Mvua. Hakuna mauzo. Nafula ameuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia ni mafua. Kisha nikamwambia ukweli.

Jumapili, 17 Septemba

Kanisa. Mahubiri marefu. Nimerudi nimepika ugali na kunde, nimejipakulia, nimekaa.

Simu ikalia. Kariuki. Mara ya kwanza kunipigia mwenyewe. Amesema yuko kwake na Nafula, amepika githeri, wanataka kuanza kula. Akauliza kama kwa simu inaruhusiwa.

Nikafikiria. Mama hakuwa na simu, hakuacha neno. Nikamwambia hatuonani, kwa hivyo ni sawa.

Akasema basi ataiweka mezani. Nami nikabonyeza sauti kubwa, nikaweka yangu kando ya sahani.

Tukala. Hatukuongea sana. Nilisikia vijiko vyao. Nafula aliomba chumvi. Kariuki akaniuliza ninakula nini, nikasema kunde. Akasema, "Ongeza, mama."

Nikaongeza.