Mtani Aliyevaa Pama la Meneja

Kwedizinga, Handeni
6 Machi 1972

Mpwa wangu Mhina,

"Wakata mkonge hawaongozwi kwa maneno, wanaongozwa kwa amri, na amri ikishajadiliwa imekufa." Hayo umeyaandika wewe, mtoto wa dada yangu. Nimeyasoma mara tatu nikitafuta dalili kwamba unanichekesha. Sikuiona. Basi salamu zingoje, kwanza nikujibu.

Mzungu aliyekalia kiti chako kabla ya Azimio la Arusha alisema hivyohivyo, nami nilikuwa karani wake wa kuita majina kwa miaka kumi na moja. Amri zake hazikufa kwa kujadiliwa. Zilifia shambani, kimyakimya, watu wakiitika "ndiyo bwana" kisha wakifanya yao. Na mimi nikiandika "imetekelezwa", huku najua ni uongo. Amri isiyoulizwa swali ndiyo maiti, bwana meneja. Inakosa kuzikwa tu.

Haya, hatujambo. Mama yako Mwanaidi mgongo umepoa, mahindi yamefika magotini. Wewe u mzima?

Unasema umemsimamisha kazi Filemoni, Mnyamwezi, kwa sababu alikuvua pama lako wakati wa kuita majina, akalivaa, akapaza sauti: "Nimesema! Maswali hakuna! Tawanyikeni!" Na watu mia mbili wakacheka. Mhina! Sisi ni Wazigua. Mnyamwezi ni mtani wetu tangu babu zake walipopita huku na mizigo kwenda pwani. Mtani ana haki ya kukuvua kofia hata kwenye msiba wa baba yako, nawe unatoa fidia, mnacheka, yamekwisha. Tena mtani husema yale ambayo wengine wanaogopa kuyasema. Ulimuuliza anasema nini?

Mjomba wako,
Isihaka


Korogwe
19 Machi 1972

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Msalimie mama, mwambie dawa ya mgongo nitaituma.

Barua yako nimeipata, na kwa heshima zote siikubali. Utani ni wa misibani na harusini. Pale mbele ya kiwanda mimi si Mzigua, ni meneja niliyekabidhiwa mali ya umma. Halafu, mjomba, nisamehe: unanifundisha kusikiliza kwa barua nzima ya kufoka. Umeuliza kama mimi mzima, na swali jingine ni la kunisuta.

Hali ni mbaya. Tangu Jumatatu hakuna anayekata. Wamekaa langoni na kijitabu cha Mwongozo wa TANU, wananisomea habari za viongozi wenye majivuno kila ninapopita. Wanataka Filemoni arudi. Gregori, mnyapara wangu, anasema niite polisi. Makao makuu yamenipa mpaka mwisho wa mwezi: korona, ile mashine ya kuchambua katani, izunguke na mkonge usindikwe, au nikabidhi ofisi.

Nifanyeje? Lakini usifoke.

Mpwa wako,
Mhina


Kwedizinga
23 Machi 1972

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Umenipiga, na umenipiga mahali pazuri. Naacha kufoka.

Nauliza, wala majibu siyajui: Filemoni anakata kitalu gani? Kutoka pale hadi reli ya toroli ni mwendo gani? Nani aliyekichagua kitalu hicho?

Usiniandikie majibu kabla ya kuyapata kwa Filemoni mwenyewe. Nenda kwa miguu, bila Gregori. Usianze na "nimekuja kukwambia".

Mjomba,
Isihaka


Korogwe
10 Aprili 1972

Shikamoo mjomba,

Natumaini mpo salama. Mimi mzima, ila shingo inauma, na sababu utaisikia.

Nilikwenda. Nilipopiga hodi mkewe, Rosina, alinitazama kisha akaita ndani, "Baba Kaleb, mtumwa wako yuko mlangoni!"

Filemoni akatoka. "Mzigua, umeleta fidia au umeleta polisi?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Kaa basi. Ukisimama hivyo naona kama naitwa jina."

Nikakaa. Nikauliza maswali yako.

"Kitalu cha tisa," akasema. "Ulitupeleka wewe mwezi wa pili. Reli ya kule ilichukuliwa na maji masika ya mwaka jana. Tunabeba mafungu kichwani nusu saa nzima ndipo tulione toroli, halafu jioni unatuandika wavivu."

"Mbona hamkusema?"

"Tuseme saa ngapi? Kila asubuhi unasema maswali hakuna. Nikaona labda ukiisikia sauti yako mwenyewe utashtuka. Kumbe ulishtuka ukanifukuza!"

Mjomba, ramani ya ofisini inaonyesha reli imefika. Niliiamini ramani. Sikuwahi kufika kitalu cha tisa hata siku moja.

Fidia aliyoitaka ni kwamba nibebe mafungu asubuhi moja, kutoka kitalu hicho hadi torolini. Nilibeba. Safari ya pili miba ilinichoma sikio, mafungu yakaanguka, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka.

Kesho yake niliwaambia wote: "Nilikosea. Filemoni anaanza kazi leo. Kitalu cha tisa tunakiacha mpaka reli itengenezwe. Nani ana neno?" Pakawa kimya. Nilitamani kukijaza kimya kile, nikauma midomo. Mwishowe mama Grasiana, anayeanika katani, akanyoosha mkono. Baada yake walisema watu saba. Korona ilizunguka tarehe ishirini na tisa. Kiti ninacho bado.

Lakini Jumamosi, kwenye kikao cha mameneja, mmoja wetu, Yordani, alisema mbele ya wote: "Mwenzetu amegeuka kuli. Wakishakuona unabeba, heshima imekwisha." Wengi waliitikia. Mwezi ujao tunakutana tena. Niwajibu nini?

Mpwa wako,
Mhina


Kwedizinga
17 Aprili 1972

Mpwa wangu Mhina,

Sisi wazima, na shingo yako itapona.

Jumapili, kwenye mkutano wa kijiji, nilijaribu dawa yangu mwenyewe. Mimi mwenyekiti nikanyamaza, nikampa mama yako neno la kwanza. Alisema robo saa, na nusu yake ilikuwa makosa yangu. Ni chungu dawa hii! Lakini tumehamisha shamba la ujamaa karibu na maji, na leo wamekuja kulima hata wale waliokuwa wakiugua kila Jumatatu.

Kikaoni usijitetee. Simama uwasomee haya, na Yordani akae mbele:

Ninyi mameneja wa Korogwe, kuna heshima gani ya kukaa juu ya ramani ya uongo? Mtu anayekuogopa hakuheshimu, anakuficha ukweli. Kesho asubuhi, kabla jina la kwanza halijaitwa, mchagueni mkata mkonge mmoja, mumuulize mbele ya wenzake ni amri gani yenu haifanyi kazi. Kisha nyamazeni mpaka amalize.

Mjomba wako,
Isihaka