Bega la Zénon na Friza ya Sombe

Tangazo rasmi. Wasomaji wa safu hii mnaarifiwa kwamba kuanzia wiki hii Shangazi Wilkister anaufahamu mpira wa Kimarekani. Elimu hiyo imechukua siku tatu na birika nne za chai, na haikusimamiwa na mtu yeyote. Kwa wale ambao hawakubahatika: ni mchezo wa watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, wamevaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wanagombea mpira uliochongoka kama papai. Mmoja wao anaitwa kotabeki. Huyo ndiye anayeupokea mpira na kuurusha mbele kwa mwenzake, na wale wa upande wa pili wamekuja uwanjani hasa kwa ajili ya kumwangusha. Hayo yanatosha. Sasa someni barua.

*

Shangazi mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefika mahali ambapo nikisema ukweli nitaonekana nampinga Mungu na nikinyamaza nitamvunja mtu, na mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo Orpha, kwa hiyo hata kwa mama yangu sina pa kukimbilia.

Mimi naitwa Japhet, majina ukipenda badilisha, ni kocha wa timu ndogo ya mpira wa Kimarekani hapa Fittja, Stockholm, wengi wetu Wakongomani, Warundi kadhaa, na Mkenya mmoja anayelalamika, na timu hii ilianzishwa na shemeji yangu Zénon siku binamu yake wa Iowa alipomtumia mpira ndani ya kifurushi cha nguo za watoto, tukaanza kwa kucheka, tukafika watu thelathini na wawili, sasa tumebaki kumi na tisa, na Zénon ndiye kotabeki wetu tangu siku ya kwanza, mkono wake wa kulia ndio timu, bila Zénon tumekwisha.

Sasa mwezi wa saba, ligi ikiwa imesimama kwa likizo, familia moja ya kanisani ilikuwa inahamia Skärholmen, na unajua sisi mtu akihama hatuiti kampuni, tunaitana, mwenye gari analeta gari na mwenye mgongo analeta mgongo. Lifti ilikuwa imekufa, nyumba iko ghorofa ya nne, na mama mwenye friza akakataa katakata friza kutolewa vitu kabla ya kubebwa, maana ndani mlikuwa na sombe, kisamvu chetu, kilo arobaini, imetwangwa, imegandishwa, inangoja harusi ya binti yake. Akatuambia, "Mkiitoa itayeyuka. Ninyi si ndio mnaoangushana kila Jumamosi? Basi bebeni." Tukabeba hivyo hivyo, Zénon akiwa upande wa chini, na kwenye kona ya pili ya ngazi friza ikatuponyoka, yeye akaizuia kwa bega la kulia. Sombe ilipona.

Bega halikupona. Mtaalamu wa viungo pale kituo cha afya alimwambia msuli umechanika, apumzike miezi mitatu, akigongwa tena atapasuliwa na huenda asiinue tena ule mkono juu ya kichwa, na shemeji yangu ni mpaka rangi, Shangazi, anapaka dari.

Hapo ningemweka pembeni na mambo yangeisha. Lakini Jumapili iliyofuata alikwenda mbele kanisani kuombewa, Mchungaji Valéry akamwekea mikono, kwaya inaimba, wote tumesimama, na Mchungaji akapaza sauti, "Ndugu, inua mkono!" na Zénon akainua mkono juu kabisa, kanisa likalipuka kwa vigelegele, mama mmoja akafungua kitenge chake akakitandika chini ili Zénon apite juu yake akirudi kwenye kiti, na mimi nilikuwa safu ya pili, nikaona vizuri kabisa, mkono aliouinua ulikuwa wa kushoto.

Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni labda anaanza na ule mzima. Wiki mbili baadaye akasimama kutoa ushuhuda, akasema mbele ya watu wote kwamba yuko mzima na Jumamosi ya mechi ya mwisho watamwona, na Mchungaji akatangaza kwamba kwaya nzima itakuja uwanjani na sare zao. Na hiyo ndiyo mechi ambayo klabu kubwa inayotuazima uwanja na kofia itatuma mtu kuja kutazama, kisha waamue kama mwakani wataendelea na sisi au basi.

Nilijaribu kuzungumza naye baada ya mazoezi, nikamwambia, "Shemeji, bega hilo." Akanijibu, "Bega gani? Wewe hukuwepo kanisani?" Nikamwambia nilikuwepo, safu ya pili. Akashusha sauti. "Japhet, nikitoka mimi, nani atakuja mazoezini? Hawa wanakuja kwa sababu wananiona nimesimama. Halafu niende kanisani niseme nini? Kwamba Mungu amebadili mawazo?"

Nikamfuata Roméo, mchezaji wetu, dereva wa basi, mtu mtulivu, mpira wake hauendi mbali ila unafika, nikamwomba ajiandae kushika nafasi hiyo. Akasema, "Kocha, kurusha nitarusha. Lakini mimi sichukui nafasi ya mtu aliyeponywa mbele ya kanisa zima. Kesho nikipata mafua watasema ni kwa sababu hiyo."

Na juzi Orpha akanipigia simu, hakunisalimu hata. "Yaya," akasema, maana mimi ndiye mkubwa wake, "asubuhi namfunga vifungo vya shati kama mtoto. Mtoto mwenyewe anakuja mwezi wa kumi na moja. Nani atambeba, wewe? Ukimpanga Jumamosi nitaingia uwanjani na tumbo hili nimvue hiyo kofia mbele ya kwaya." Na Orpha akisema hufanya.

Shangazi, nimwache acheze na tumwachie Mungu, au nimtoe nionekane mtu asiye na imani? Maana nakuambia tena, bila Zénon tumekwisha.

Japhet, Fittja

*

Japhet,

Majina sikuyabadilisha. Timu ya mpira wa Kimarekani inayosali kwa Kiswahili iko moja tu Stockholm nzima, hata ningekuita Jabari wa Kista mngejulikana. Badala yake nimekutumia jibu hili kwa simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi. Siku za katikati unazijua.

Pole, kwanza. Kumkatalia shemeji si kazi nyepesi, na shemeji aliyepita juu ya kitenge ni mzito zaidi. Naona pia kwamba Zénon si mtu mbaya. Aliizuia friza kwa bega ilipowaponyoka wenzake, na sasa anataka kuizuia timu kwa bega lile lile. Hiyo ndiyo tabia yake, na nadhani ndiyo iliyomfanya dada yako aolewe naye. Lakini wewe si friza, na timu si friza. Mnaweza kuwekwa chini.

Sasa nikuulize. Wewe uliuona mkono wa kushoto. Watu mia mbili mle ndani walifumba macho, wewe ukafumbua, halafu ukakaa kimya wiki nzima, ukaongeza nyingine, mpaka mwenzako akasimama na ushuhuda ambao hawezi tena kuumeza. Ungemvuta pembeni Jumapili ile ile, mlangoni, wakati watu wanaagana, yangekwisha kwa dakika mbili. Yeye alidanganya kwa mkono mmoja. Wewe umemsaidia kwa miwili.

Tena unajificha. Umemtaka Roméo amwondoe Zénon badala yako. Umemwacha Orpha apige kelele badala yako. Sasa umeniandikia mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye wiki iliyopita hakujua kotabeki ni mtu au ni ugonjwa. Kocha ni nani hapo Fittja?

Kuhusu imani, usinitie kwenye mtego huo. Mimi pia naombewa. Presha yangu imeombewa na wachungaji watatu wa nchi tatu, na kila asubuhi naimezea kidonge, na Mungu hajawahi kunilalamikia. Mchungaji wako naye hana kosa kubwa. Alisema "inua mkono", hakusema upi. Mtu akiombewa Jumapili na kugongwa na jitu la kilo mia na ishirini Jumamosi, huko si kumwamini Mungu, huko ni kumpangia ratiba.

Kwa hiyo Zénon hachezi. Usilitazame tena jambo hilo upande wa pili, limekwisha. Na abaki kwenye timu, hilo nalo limekwisha.

Kesho Jumanne ukitoka kazini nenda nyumbani kwake. Usimwite uwanjani na usimtumie ujumbe wa sauti. Kaa, kula utakachopewa, hata kama ni sombe. Orpha awepo, lakini mwambie mapema asiseme neno, na kama hawezi basi atie kijiko mdomoni. Kisha mwambie hivi: "Shemeji, Jumamosi huchezi. Nimeamua mimi. Atakayeuliza, mlete kwangu." Usiseme "tumeonelea", usiseme "kamati", usiseme "daktari kasema". Mwambie pia kwamba uliuona mkono. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo, na kukasirika hakuhitaji bega.

Akimaliza, mpe kazi. Nimesoma kwamba katika mchezo huu kuna mtu anayesimama pembeni na kumwonyesha kotabeki kwa ishara za mkono mpira uende wapi. Timu yote inamtazama yeye. Anataka waje kwa sababu wanamwona amesimama? Basi asimame. Ishara atatoa kwa mkono wa kushoto, ambao tunao ushahidi wa kanisa zima kwamba unafanya kazi vizuri.

Roméo hatakubali kuipokea nafasi hiyo kutoka kwako, na mimi namwelewa. Kwa hiyo kwenye mazoezi ya Jumatano Zénon mwenyewe auchukue ule mpira wa Iowa, amkabidhi Roméo mikononi, wote wakiwa wanatazama. Asihutubie. Ampe tu. Baada ya hapo hakuna atakayesema Roméo amechukua kitu.

Mkitoka hapo, nyinyi wawili mwende kwa Mchungaji Valéry kabla hajasoma gazeti. Zénon ndiye aseme, wewe kaa naye. Aseme alitaka sana kupona, akainua ule uliokuwa tayari, na bado anatibiwa. Kanisa lililopiga vigelegele kwa bega linaweza kumpigia makofi mtu anayetimiza miadi yake ya mazoezi ya viungo. Kama haliwezi, hilo ni tatizo la kanisa, waniandikie. Kwaya ije vile vile na sare zake. Na yule mama wa friza aje na sufuria ya sombe, nadhani anaelewa kwa nini.

Kuhusu klabu kubwa na mtu wao wa kutazama: hujui ataamua nini, nami sijui. Lakini akiona kotabeki anabebwa kwa machela mbele ya mkewe mjamzito, nadhani hatahitaji kukaa mpaka mwisho.

Limebaki jambo moja dogo. Umeniandikia mara mbili kwamba bila Zénon mmekwisha. Nikiwa katika masomo yangu nilifungua matokeo ya ligi yenu, yako wazi mtandaoni, kila mtu anaweza kuyasoma. Kabla ya ile friza, Zénon akiwa na mabega yote mawili, mmecheza mechi saba. Mmefungwa zote saba.